Boti Iliyopigwa Pindo

"Mama, wewe mtu wa magoti, mbona humwombei wifi yako apone hilo liboti?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu anayeuza mitungi ya gesi, asubuhi moja nikifagia mbele ya mlango wangu. Alisema "apone" kana kwamba boti ni homa. Nilicheka, nikamjibu kwamba namwombea kila siku. Sikumwambia naomba nini. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba ile boti ishindikane.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Ana miaka sitini na miwili na goti moja bovu. Alianza kushona akiwa na miaka kumi na minne, na kwa muda mrefu alishona sare za shule. Alifiwa na mumewe wakati mtoto wao wa pekee bado anatambaa, na kilichowalea wote wawili ni cherehani ya mkono, nyeusi, ya chuma. Maua yake ya dhahabu yamefutika upande mmoja tu, pale kiganja cha wifi kinapopita. Sare zilipoanza kuja madukani zimekwisha kushonwa viwandani, wateja walimkimbia. Hakulia. Aliibeba cherehani kichwani mpaka yadi ya boti kando ya ziwa, akaomba kona. Huko akawa anashona maturubai ya kufunikia boti na kuvalisha viti vya sponji. Wakamwita Mama Turubai.

Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kona ile. Siku moja nilimpelekea chakula, nikamkuta amesimama na futi yake shingoni, anaitazama boti ya mtu ikitoka na viti alivyomaliza kushona jana yake.

"Wifi," akaniambia, "nimeshona viti vya watu wanaokwenda. Mimi nabaki na vipimo."

Nilidhani ni uchovu. Nikamwambia ale kabla chakula hakijapoa.

Nyuma ya yadi, juu ya mapipa manne, kulikuwa na boti ya faiba ambayo umri wake ni zaidi ya miaka arobaini. Mwenyewe alihama zamani, hakurudi wala kuuliza. Ilikuwa na urefu wa hatua kumi na moja, na rangi yake, iliyowahi kuwa nyeupe, imekuwa kama meno ya mvuta sigara. Majani yalikuwa yameota ndani. Mwenye yadi, ambaye ndiye fundi mkuu wa faiba na watu wote wanamwita Msasa, alikuwa ameshaichorea mistari ya chaki. Kwenye mistari hiyo ndiko angepitisha msumeno ili aitupe vipandevipande.

Wifi akaenda, akaifuta ile chaki kwa upindo wa kanga yake.

"Wewe mama!" Msasa akapiga kelele. "Unafuta nini hapo?"

"Nafuta ujinga. Usiikate. Nipe mimi."

"Nikupe ufanyie nini? Ufugie bata?"

"Nikae ndani yake. Niende."

"Uende wapi?"

"Ziwa lina ng'ambo ngapi? Zote."

Msasa alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akamwambia maneno ambayo yadi nzima iliyasikia. Boti achukue hata leo. Lakini kiangazi kikikolea maji hushuka, na reli yake ya kushushia boti haiwezi tena kufika majini mpaka mwaka mwingine. Siku maji yatakapoiacha reli, kama boti bado iko juu ya mapipa, msumeno unapita.

"Na ikiwa majini?" wifi akauliza.

"Ikiwa majini nitakuvulia kofia."

"Basi ifue mapema. Sitaki kuvuliwa kitu kichafu."

Ndivyo ilivyoanza.

Mimi si mtu wa boti, lakini nimekaa pale vya kutosha kujua kwamba faiba ni nguo. Ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, kinalazwa, kinaloweshwa kwa gundi ya majimaji iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, kisha kinakuwa kigumu kuliko ubao. Wifi alipokishika mara ya kwanza alikisugua kwa vidole viwili kama anavyosugua kila kitambaa dukani, akasema, "Hiki kinachanika vibaya. Lakini tutaelewana."

Chini ya tumbo boti ilikuwa na malengelenge, kama kisigino kilichovaa kiatu kipya. Kila lengelenge alilolipasua lilitoa maji yenye harufu ya siki. Aliyapasua yote, akayakwangua, akayakausha, akayaziba. Sitaha ilikuwa ikibonyea ukiikanyaga, maana katikati ya ngozi mbili za faiba kulikuwa na ubao uliooza ukawa kama majani ya chai. Aliikata ngozi ya juu, akautoa uozo kwa kijiko cha jikoni, akaweka ubao mpya. Kikombe cha kwanza cha gundi alikitia dawa nyingi mno, kikachemka na kufuka moshi mkononi mwake.

"Tupa!" Msasa akapiga kelele. "Mama Turubai, hiyo si chai ya wageni!"

"Chai ya wageni ningekutilia wewe," akamjibu, huku kikombe kikiruka.

Alipomaliza kuponya ya zamani akaanza kuleta mapya. Boti ilikuwa ya watu kukaa kiti kwa kiti na kurudi nyumbani jioni. Yeye alitaka ya kulala. Viti viwili vilitoka, kikaingia kitanda cha urefu wake mwenyewe, na chini yake tangi la maji. Aliinua paa la chumba mpaka akaweza kusimama wima na kilemba chake kichwani. Akaondoa ngazi ya chuma na kuweka vidato vitatu vipana, kwa ajili ya goti. Jiko alilizungushia fito ili sufuria isiteleze. Mbele ya dirisha akafunga meza ndogo ya kukunjua, akatoboa matundu manne. Niliyatazama nisielewe.

"Ya nini haya?"

"Skrubu za cherehani, wifi. Nitakula nini huko, upepo? Kila bandari ina mtu mwenye suruali iliyopasuka."

Hapo ndipo niliposhtuka. Mpaka siku hiyo nilidhani anacheza.

Na si mimi peke yangu. Mwanawe ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, anayempenda mama yake mpaka anamchosha. Alikuwa amemjengea chumba nyuma ya nyumba yake, chenye dirisha, choo cha ndani na sakafu ya marumaru. Aliita kikao cha familia sebuleni kwetu. Akaja na karatasi. Akasoma: umri wa mama, goti la mama, presha ya mama, vina vya ziwa.

Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

"Umehesabu vizuri. Sasa niambie, kwenye hicho chumba nitafanya nini?"

"Utapumzika, mama."

"Nitapumzika mpaka lini?"

Mwalimu akakunja karatasi yake, maana jibu lilikuwa moja tu na sote tulilijua. Mume wangu akakohoa, akasema, "Mimi simo. Huyu tangu utotoni ukimwambia usiguse, ameshagusa." Wifi akasimama, akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Chumba ni kizuri, mwanangu. Nimekiona. Ningekuwa mgonjwa ningelala hapo hata kesho. Lakini siumwi."

Alipoondoka mwalimu aliniangalia mimi. "Mama anakusikiliza wewe kuliko sisi," akasema, akanishika mkono. "Tafadhali, mwombee." Nikaahidi. Nikapiga magoti jioni ile na kuomba ile boti ishindikane bila mtu kuumia. Niliona ni sala ya upendo.

Mwezi uliofuata Msasa akalazwa hospitali kutolewa ngiri. Siku kumi na nane yadi ilikaa bila fundi mkuu, na maji hayamngoji mtu atoke hospitali. Wifi akaendelea mwenyewe. Paa lote jipya, kingo za milango, pembe za kitanda, yote aliyavalisha faiba kwa mikono yake. Msasa aliporudi akitembea kama mtu aliyebeba yai, alikuta kazi imeshapigwa msasa na kupakwa rangi, laini kama sahani. Akaizunguka. Akakosa cha kukosoa. Kwa Msasa hiyo ni sifa.

Wakamwita mkaguzi wa vyombo. Bila karatasi yake hakuna boti inayoruhusiwa kulaza mtu majini. Alikuja mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, mkononi ana nyundo ndogo ya plastiki. Hakutazama rangi hata kidogo. Alitega sikio, akagonga. Ko. Ko. Ko. Tumboni ko, sitahani ko. Wifi anatabasamu. Akafika kwenye kingo za paa. Bo.

Akagonga tena. Bo. Akasogea. Ko, ko, bo. Kila ukingo, bo.

"Mama, kuna uwazi ndani hapa," akasema kwa upole. "Kila mwisho wa kitambaa kuna hewa. Hili paa likipigwa na wimbi linaweza kufunguka kama kopo."

Msasa akachukua grenda, akakata ukingo mmoja, akachungulia. Akainua uso wake polepole.

"Mama Turubai. Umepiga pindo?"

Alikuwa amepiga pindo. Kila kipande cha faiba, kabla ya kukilaza, alikuwa amekikunja ukingo ndani, kama anavyokunja gauni. Miaka arobaini na minane vidole vyake vilikuwa vikikunja ukingo, na hakuna aliyeviambia vipumzike. Faiba hukatwa na kulazwa hivyohivyo na nyuzi zake zikining'inia, kisha zinasuguliwa. Ukiikunja inafumba hewa tumboni.

"Nyuzi zilikuwa zinatoka nje," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kumpa mtu nguo nyuzi zikining'inia. Tangu nizaliwe."

Mkaguzi alihesabu mapindo thelathini na sita. Akaandika: haijafaulu. Alisema atarudi akiitwa. Tuliangalia reli. Maji yalikuwa yamebakiza urefu wa mtu mmoja aliyelala kabla ya kuiacha.

Msasa akapiga hesabu kwa vidole. "Siku tisa. Kumi tukibembeleza." Kisha, kwa mara ya kwanza, akamwambia kwa upole, "Dada yangu, umejitahidi. Hakuna atakayekucheka."

"Wewe hutanicheka?"

"Mimi nitacheka. Lakini kidogo."

Wifi akageuka. Alikwenda kwenye kona yake kukaa, na hapo akakuta meza ni tupu. Mwanawe alikuwa amesikia habari kwa simu mkaguzi akiwa bado anagonga, watu wana haraka ya kupeleka mabaya. Alikuja na pikapu tukiwa upande wa nyuma, akapakia cherehani, akaipeleka kwenye kile chumba. Aliacha ujumbe kwa mlinzi wa lango kwamba mama asihangaike, vitu vyake vimeshatangulia, yeye atafuatwa jioni.

Nilimtazama wifi nikingoja machozi. Alipitisha kiganja juu ya meza, pale palipokuwa na alama nne za miguu ya cherehani kwenye vumbi. Akasema, "Amechukua mashine kabla hajamchukua mama. Kakosea mpangilio." Akafunga kilemba upya, kwa nguvu. "Msasa! Grenda iko wapi?"

Alipofuatwa jioni, mwanawe alimkuta juu ya paa, mweupe kwa unga wa faiba kuanzia kope hadi viatu. "Mama, twende nyumbani," akaita. Grenda ikawaka. Akaita tena. Grenda ikawaka zaidi. Alikaa nusu saa, akaondoka amekunja uso.

Mimi nililala vibaya. Nilikuwa nimeomba ishindikane, ikashindikana. Asubuhi nilivaa nguo kuukuu, nikaenda yadi, nikaomba barakoa. Ule unga wa kioo unawasha kama upupu, unaingia shingoni, kwenye mikunjo ya viwiko, hata mahali pasipotajika. Tulikata pindo moja baada ya jingine, mimi nikishika taa na brashi, yeye grenda. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kila kitu.

Alizima mashine. Akavua barakoa. Pale ilipokuwa barakoa, uso ulikuwa safi, kwingine unga mtupu.

"Uliomba ishindikane?"

"Nilisema bila mtu kuumia."

Aliniangalia juu chini. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kidato chake cha pili, anashika goti. "Kumbe unasikilizwa hivyo, wifi! Na miaka yote hii unaniacha nahangaika na Msasa!" Akajifuta macho. "Haya, umeharibu, utatengeneza. Geuza hiyo sala, na ushike taa vizuri, kivuli chako kinanizuia."

Nikaigeuza. Sijawahi kuomba kwa haya kama siku ile.

Siku ya sita tulimaliza kukata. Siku ya saba na ya nane alilaza upya, na safari hii Msasa alisimama nyuma yake kama mwalimu wa zamu. Kila vidole vilipoanza kukunja alimpiga kidogo mkononi kwa brashi. "Acha nyuzi." "Nimeacha." "Hiyo je?" "Hiyo ilijikunja yenyewe." "Acha nyuzi, mama!" Niliona jinsi alivyoumia kuacha zile nyuzi wazi. Alikuwa anageuza uso, kama mtu anayechomwa sindano.

Siku ya tisa mkaguzi akaja na nyundo yake. Ko. Ko. Ko. Nilikuwa nimefumba macho. Paa ko. Milango ko. Kitanda ko. Akaingia ndani, akagonga fremu ya ubao iliyovalishwa faiba juu ya meza ya kukunjua, pale pazia litakapoanzia. Bo.

Msasa akashika kichwa. Mkaguzi akagonga tena. Bo.

"Hii nayo, mama?"

"Hiyo nimeiacha kwa makusudi."

"Kwa nini?"

"Haibebi kitu. Paa halijui kama ipo. Muulize Msasa."

Msasa akachungulia, akapima kwa kidole, akakiri kwamba kweli, ni urembo tu, hata ikitoka leo boti haitajua.

"Sasa ni ya nini?" mkaguzi akauliza, kalamu hewani.

Wifi akanyoosha mgongo. Chini ya paa lile anaweza kunyoosha. "Ni ya kwangu. Boti yote nimeishona anavyotaka Msasa. Hapo nimeshona ninavyojua mimi. Ukitaka kunifelisha kwa hilo, nifelishe, lakini sitoi."

Mkaguzi alipitisha kidole juu ya lile pindo. Lilikuwa limenyooka kama kola ya shati lake. Akaandika: imefaulu. Akaichana karatasi kwenye daftari lake, akampa kwa mikono miwili.

Tuliishusha asubuhi iliyofuata, magurudumu ya mwisho ya kitoroli yakigusa maji kwa shida. Yadi nzima ilikuwepo, hata jirani yangu wa mitungi ya gesi aliacha biashara yake akaja. Boti ilisita, ikajikuna kwenye reli, kisha ikaelea. Msasa akavua kofia. Ilikuwa imefuliwa.

Wifi alikuwa ndani amesimama wima, mlango wazi. Injini ya mtumba ilikohoa mara mbili, ikakubali. Kupitia dirisha niliiona meza ya kukunjua, matundu yake manne matupu. Juu barabarani pikapu ya mwanawe ilikuwa imesimama. Alikuwa ndani yake, mikono kwenye usukani, hataki kushuka na hataki kuondoka. Wifi naye alikuwa amemwona. Alipunguza moto wa injini, akaniita nisogee ukingoni.

"Wifi," akasema, "panda juu umwambie mwanangu kile chumba afugie kuku. Cherehani yangu ailete mwenyewe, aje aifunge skrubu kwa mkono wake. Namngoja hapahapa, nina mapazia ya kushona."